Lipatieni paa pumzi kabla ya kununua kiyoyozi

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Tumehamia nyumba yetu mpya hapa Wete mwaka jana. Ina urefu wa mita 12 na upana wa mita 10, paa ni la migongo minne, mabati ya rangi ya kahawia, na dari ni ya jipsamu. Nyumba nzuri, lakini hatulali. Feni inatupulizia joto mpaka saa saba za usiku. Pembe za dari kwenye chumba cha watoto na karibu na choo zimeota vidoa vyeusi, na kila magharibi nasikia popo juu. Fundi wetu aliziba kila upenyo wa paa, anasema tundu ni mlango wa mvua na popo. Jirani ametwambia tutoboe paa lipate hewa. Mume wangu anataka tununue kiyoyozi. Tumsikilize nani?

JIBU: Waalaykumu salaam dada yangu, na hongereni kwa nyumba.

Jirani yako amesema kweli. Paa lenu linahitaji pa kuvutia hewa chini na pa kuitolea juu, na kazi hiyo itangulie kiyoyozi. Lakini matundu peke yake hayatawamalizia joto, na sababu yake nitaieleza. Fundi wenu naye msimdharau. Mvua ya masika inayosukumwa na upepo ni jambo la kweli, na popo ni jambo la kweli. Alipokosea ni pale alipovizuia kwa kuziba, wakati vinazuilika kwa wavu na kwa kulikunja bati.

Miaka ya nyuma niliitwa kwenye nyumba moja Fuoni, huku Unguja, malalamiko yao kama yenu. Nikapanda darini saa nane mchana kupitia mlango mdogo wa ukumbini. Kichwa kilipopita tu, pumzi ikawa nzito, jasho likanimwagika mpaka machoni. Nikamulika tochi. Kwenye kenchi ya pili mafundi wa umeme walikuwa wameacha mshumaa waliotumia siku walipopitisha waya. Walikuwa wameusimamisha juu ya ubao na haukuwashwa tena tangu siku hiyo, na ulikuwa umeinama mpaka ncha yake imegusa mbao, kama mgomba uliozidiwa na mkungu. Mshumaa wa kawaida huanza kulegea hivyo kwenye joto la nyuzi 45 hivi na kupanda. Sikuhitaji kipimo. Chini ya mshumaa ule ilikuwepo jipsamu nyembamba, na chini ya jipsamu, kitanda cha mtoto.

Darini kwenu ni vivyo hivyo, na jiografia ndiyo inayotaka iwe hivyo. Pemba iko nyuzi 5 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi wa Wete mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Oktoba na tena mwanzoni mwa Machi, na katika miezi ya katikati haliendi mbali. Kuta zenu zina upenu wa kuzikinga. Paa halina wa kulikinga. Mchana wa jua kali kila mita moja ya mraba hupokea karibu wati 1,000, kwa hiyo nyumba yenye mita za mraba 120 ni kama imewekewa pasi za umeme 120 juu yake, zote zimewashwa. Bati la kahawia hunyonya sehemu kubwa ya moto huo, na lenyewe huweza kufika nyuzi 60 hadi 70. Hewa iliyonaswa chini yake hupita nyuzi 50.

Hewa hiyo inataka kuondoka. Hewa ya nyuzi 50 ni nyepesi kwa asilimia 6 hivi kuliko hewa ya nyuzi 30 iliyopo nje, na wepesi huo mdogo ndio mashine yenyewe: bila umeme wala mafuta, saa zote za jua, hewa inasukuma kwenda juu. Ikikuta kofia ya paa, pale kileleni mabati yanapokutana, imezibwa, inakaa. Ikikuta upenyo juu lakini chini hakuna pa kuingilia hewa mpya, inakaa vile vile. Umewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja? Maziwa yanagoma, yanadondoka kwa kwikwi, mpaka utoboe la pili upande wa pili. Nimeona watu wametumia fedha nyingi kuweka tundu zuri la juu, na chini mafundi wamejaza matofali baina ya kenchi mpaka yamegusa bati. Hakuna kilichobadilika ndani ya nyumba zile.

Bibi yangu alikaa Makunduchi katika nyumba ya makuti. Alipokuwa akipika, moshi wa mafiga ulipanda, ukajipenyeza kwenye visusi na baina ya makuti, mtu anayekuja kwa mbali angedhani paa zima linafuka. Ukuta haukufika kwenye paa. Palikuwa na nafasi ya kupitisha mkono, na upepo wa bahari ukapita humo usiku kucha. Tulipohamia kwenye mabati tuliongeza dari, tukaziba upenu kwa plaiwudi, tukapaka rangi vizuri, na hatukuuliza tena hewa itapita wapi.

Somo hili lilituingia vizuri zaidi Unguja pale umeme unaotoka bara ulipokatika Desemba 2009, ukarudi Machi 2010. Nyinyi Pemba mlikuwa bado kwenye majenereta yenu, waya wa kutoka Tanga ulifika baadaye mwaka ule wa 2010. Sisi tulikaa msimu mzima wa kaskazi, kipindi cha joto kuliko vyote, bila feni. Nilikuwa nazunguka mitaani kwa kazi zangu na nikawa naangalia nani analala wapi. Wenye nyumba kongwe za mawe na chokaa walilala ndani. Wenye nyumba za zamani za Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, bati la kutu lakini visusi viko wazi, walilala ndani, ingawa kwa tabu. Waliotoa magodoro barazani walikuwa wenye nyumba mpya zilizozibwa vizuri kuliko zote. Tangu mwaka ule sijajenga paa lisilo na njia ya hewa, hata mwenye nyumba akisema halitaki.

Sasa upande wa pili wa ukweli. Hewa ya moto haishuki, inang'ang'ania juu chini ya kofia. Kinachowashukia nyinyi kitandani kwa wingi ni joto la mionzi. Simama mbele ya tanuri la mikate: upepo unakupiga mgongoni, hewa inapita, na bado uso unaungua, kwa sababu moto unakuangalia. Bati la nyuzi 65 linaiangalia dari yenu tangu asubuhi. Dari inapata moto, nayo inawaangalia nyinyi. Matundu yanaitoa hewa iliyonaswa, yanalipunguzia bati na mbao joto, yanakausha unyevu, lakini mionzi ile inapita katikati ya hewa bila kujali kama hewa inakwenda au imesimama. Ndiyo maana anayewaahidi kwamba matundu pekee yatafanya chumba kiwe baridi anawadanganya, hata kama hakusudii.

Kwa mionzi kuna dawa mbili. Ya kwanza ni karatasi ya foili inayotandazwa chini ya mbao za paa, upande unaong'aa ukiangalia chini, na chini yake pabaki nafasi ya hewa. Foili safi hutoa mionzi kwa kiasi kidogo sana, kama sehemu moja kati ya ishirini. Msikubali ilazwe juu ya dari na uso wake unaong'aa ukiangalia juu. Vumbi likishatua, kazi yake imekwisha. Ya pili ni kubadili rangi ya bati. Kahawia ni rangi nzuri kwa macho na mbaya kwa hali ya hewa yetu. Bati likipakwa rangi nyeupe ya mabati, likasuguliwa na kusafishwa kwanza ili rangi ishike, hurudisha juu sehemu kubwa ya jua, na tofauti mtaisikia siku ile ile. Wengine hupaka chokaa kwa kuwa ni rahisi. Chokaa ni kitu bora kabisa kwa ukuta wa mawe, lakini kwa bati haifai. Ikiwa mbichi inaila zinki, na mvua ya kwanza ya vuli inaipeleka kwenye tangi lenu kama mnavuna maji ya paa.

Ningekuwa mimi, na fedha ni ya jambo moja tu mwaka huu, ningeanza na matundu. Sababu ni vile vidoa vyeusi.

Vidoa hivyo vitazameni vizuri, maana vina aina mbili. Doa la uvujaji huwa na ukingo wa rangi ya chai, linapanuka baada ya mvua, na ukipanda darini utakuta msumari uliolegea au kiungio cha bati juu yake. Doa la unyevu ni vidoa vidogo vidogo vyeusi, kama vumbi la makaa lililorushwa, kwenye pembe ambako hewa haifiki, na haliangalii kama mvua imenyesha au la. Kwa maelezo yako, lenu ni hilo la pili. Usiku wa mbingu safi, hasa wakati wa kipupwe, bati hupoa haraka likawa baridi kuliko hewa inayoligusa. Hewa ya visiwani imejaa maji. Ikigusa bati lile inatoka jasho kwa upande wa ndani, na alfajiri matone yanashuka kwenye mbao na kwenye jipsamu. Paa lenye hewa inayopita hukauka kabla ya saa tatu asubuhi. Lililozibwa hukaa na maji yake, siku baada ya siku, na kuvu huota.

Chumba kilicho karibu na choo kimenitia shaka nyingine. Waulizeni waliojenga: ile feni ya kutolea hewa chooni, bomba lake limefika nje au limeishia darini? Nimeyakuta mengi yameishia darini. Kila mtu anayeoga maji moto anapeleka mvuke wake juu ya kitanda cha watoto. Bomba lipitishwe mpaka nje ya ukuta, na la jikoni pia kama lipo. Kazi hii ndogo haingojei kazi nyingine yoyote. Ifanyeni wiki hii.

Unyevu huo huo unakula misumari, unakula bati kwa ndani (na sisi tuna chumvi ya bahari inayosaidia), na unalainisha mbao zikawa tamu kwa mchwa. Mtu anaona bati linang'aa kwa juu akadhani paa ni zima, kumbe kutu inatoka chini kuja juu.

Umeme nao. Waya wa kawaida wenye ganda la plastiki hupimwa uwezo wake kwenye hewa ya nyuzi 30. Ukiupitisha kwenye hewa ya nyuzi 50, uwezo hushuka mpaka kama asilimia 71. Waya wa ampea 20 unakuwa wa ampea 14. Huo ndio waya mnaotaka kuutundikia kiyoyozi, wakati wa mchana, siku ya joto kali. Katika nyumba ya Fuoni nilishika waya mmoja ganda likavunjika mikononi kama bajia iliyokaushwa na jua. Darini pakipoa hata kwa nyuzi kumi, waya wote mlionao unapata nafuu bila kubadilishwa.

Tuje kwenye popo. Yule popo mkubwa wa Pemba, wale wanaoning'inia mitini kule Kidike, hana shughuli na paa lako. Anaishi mitini na anakula matunda. Unaowasikia ni popo wadogo wanaokula wadudu, wakiwemo mbu, na wanapenda hasa mahali penye giza, joto na hewa iliyosimama. Yaani paa lililozibwa vibaya. Fundi aliziba matundu makubwa, lakini popo mdogo anapita kwenye upenyo wa sentimita moja na nusu, na mikunjo ya bati juu ya ukuta ina nafasi kubwa kuliko hiyo. Magharibi kaeni uani mtazame wanatokea wapi. Pahali hapo paachwe mwisho. Zibeni kwingine kote kwa wavu, kisha pale wanapotokea tundikeni kipande cha wavu laini kikining'inia kama pazia, kimefungwa juu na pembeni, chini kiko wazi. Wakitoka watateleza chini, wakirudi hawataijua njia. Baada ya siku kadhaa bila mlio, zibeni moja kwa moja. Kabla ya kuanza, sikilizeni baada ya wakubwa kutoka: kikisikika kilio chembamba darini, kuna vitoto visivyoruka bado. Subirini visije vikafia humo. Mavi yao msiyafagie makavu, huweza kuwa na kuvu inayoingia mapafuni. Nyunyizeni maji kwanza, vaeni barakoa na glavu. Popo hashikwi kwa mkono mtupu, na watoto waambiwe hivyo.

Sasa hesabu, maana fundi atauliza ukubwa. Kanuni ambayo mafundi wengi duniani wanaitumia ilitoka Marekani, ikaingia kwenye masharti ya ujenzi ya serikali yao mwaka 1942: mita moja ya tundu kwa kila mita 300 za dari, kwa hesabu ya mraba, na masharti yao ya baadaye yakataka mita moja kwa 150 pale ambapo matundu hayakugawanywa vizuri juu na chini. Wao waliihitaji kwa ajili ya unyevu wa majira ya baridi. Kwa joto letu mimi huchukua ile ya 150 hata kama mgawanyo ni mzuri. Dari yenu ni mita za mraba 120, kwa hiyo tundu lote liwe mita za mraba 0.8: 0.4 chini kwenye upenu, 0.4 juu kwenye kofia.

Chini ni rahisi. Tundu la sentimita 30 kwa 10 ni mita za mraba 0.03. Wavu unaiba nafasi, nakadiria robo. Ukipiga hesabu mnahitaji matundu 18: matano kwa kila ubavu wa mita 12, manne kwa kila ubavu wa mita 10. Yakatwe kwenye plaiwudi ya chini ya upenu, yakiangalia ardhi, ambako mvua haiyafikii. Nimesema pande zote nne kwa makusudi. Kaskazi ikivuma upande mmoja unavuta na mwingine unatoa, kusi ikivuma inageuka, na siku isiyo na upepo wowote, ile mashine ya wepesi wa hewa inafanya kazi peke yake. Kabla ya kukata, mtu apande atazame kama baina ya kenchi, juu ya ukuta, pako wazi. Kama pamejengwa mpaka juu, tofali moja moja litolewe katika kila nafasi, la sivyo mtapata matundu yanayoingiza hewa kwenye upenu tu.

Juu ndipo penye kazi. Paa la migongo minne lina kofia fupi. Kwa nyumba ya 12 kwa 10 kofia ya kati ni kama mita 2 tu. Kwa hivyo kofia ile itolewe, pajengwe kipaa kidogo kilichonyanyuliwa, chenye uwazi wa sentimita 13 kila upande. Mita 2 mara pande mbili mara sentimita 13 ni mita za mraba 0.52, na wavu ukishaiba robo yake mnabaki na 0.39. Inatosha. Kipaa hicho kitokeze nje ya uwazi wake sentimita 25 au 30 kila upande. Na hapa ndipo fundi wenu atakapopata amani yake: ncha za juu za mabati ya paa kubwa zikunjwe kwenda juu kwa koleo, bonde kwa bonde, kama ukingo wa sinia. Maji yanayosukumwa na upepo yakipanda bati yanakuta ukingo ule, yanarudi. Nimezitazama kazi za namna hii wakati wa mvua kubwa ya Aprili nikiwa darini na tochi, na mbao zilikuwa kavu.

Wavu uwe na matundu ya milimita 5 au 6. Mdogo zaidi, kama wa mbu, unazibwa na vumbi na utando wa buibui ndani ya mwaka. Mbu wazuieni madirishani, si kwenye paa. Uwe wa alumini au wa chuma kisichoshika kutu. Wa kawaida, karibu na bahari, mtaubadilisha kabla rangi ya nyumba haijapauka. Vile vifeni vya duara vinavyozunguka kwa upepo juu ya paa vipo na vinafanya kazi, lakini beringi zake zinakwama kwa chumvi, na kipaa kisicho na kitu kinachozunguka hakina cha kukwama.

Fundi asikate kenchi hata moja. Na kila bati litakalofunguliwa lirudishwe kwa misumari yenye mpira, imara kuliko ilivyokuwa. Dhoruba ya Aprili 1872 iliifagia mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, lakini upepo hauna ahadi na mtu. Anayepanda darini akanyage mbao tu. Jipsamu haibebi mguu.

Joto la usiku lina mshirika mwingine nisiyeweza kumnyamazia. Bati lenyewe hupoa mara tu jua linapozama. Kinachoendelea kuwachoma saa nne za usiku ni matofali ya saruji yaliyokunywa joto mchana, dari iliyopata moto, na hewa iliyokwama juu yake. Paa likipumua, mawili ya mwisho yanaondoka mapema. La kwanza linataka madirisha yafunguliwe usiku, yakiwa na nondo na wavu wa mbu, na tundu la kimiani juu ya kila mlango wa chumba, ili hewa ipite hata mlango ukifungwa. Wazee waliweka uwazi juu ya milango yao. Sisi tunauziba kwa plasta.

Na kiyoyozi? Mumeo hakukosea kutaka watoto wapumzike. Lakini kikiwekwa chini ya paa kama hili, kitafanya kazi ya kupambana na bati, na bili ya umeme mtaiona. Tena kuna hatari isiyojulikana sana: hewa ya darini hapa kwetu huanza kutoa maji inapogusa kitu chenye nyuzi 24 au 25. Mkiweka kiyoyozi kwenye 18, jipsamu inapoa, na upande wake wa juu unatoka jasho kama glasi ya maji ya barafu. Vile vidoa vyeusi mtavipata dari nzima. Kwa hiyo siku mkikiweka, kiwe cha chumba kimoja cha kulala, kipimo kiwe 25 au 26, matundu ya taa kwenye dari ya chumba hicho yazibwe, na juu yake kilazwe kihami joto, pamba ya kioo au magodoro ya povu yaliyotengenezwa kwa kazi hiyo, bila kuziba njia ya hewa ya kwenye upenu.

Kazi ya paa ifanywe Julai hadi Septemba, masika imeshapita na vuli haijaja, na hapo mtakuwa mmewahi jua la Oktoba. Mpaka siku hiyo, bomba la choo, wavu, na madirisha.

Kazi ikiisha, ipimeni kwa kitu mlicho nacho nyumbani. Saa nane mchana, panda ngazi ufungue mlango wa darini, shika mkononi chetezo chenye udi kidogo, usikiweke chini wala usikiache humo. Tazama moshi. Ukivutwa ukaelekea kwenye kofia, paa lenu linapumua. Ukisimama pale pale juu ya chetezo, tafuteni tundu lililozibwa kabla hamjaingia dukani kuulizia kiyoyozi.